Kuhama QWERTY: ipime kwanza kwa maneno yetu

Ukisema tu kwamba unachapa sana kwenye kompyuta, lazima atokee mtu akwambie achana na QWERTY, ule mpangilio wa herufi wa kibodi za kawaida, hamia mpangilio mwingine kama Dvorak au Colemak, utaruka spidi mpaka ushangae. Mimi hiyo ya spidi siinunui, ila hoja yao yote sio ya kutupa.

Dvorak ilipata hataza Marekani mwaka 1936, na ushahidi wanaopenda kuutaja ni majaribio ya jeshi la majini la huko ya 1944, wachapaji waliofundishwa upya kwa Dvorak wakaonekana wamepanda spidi sana. Tatizo August Dvorak mwenyewe, aliyeibuni, alikuwa afisa wa jeshi hilohilo (kesi ya nyani hiyo), alafu 1956 mtafiti Earle Strong akapima tena kwa niaba ya serikali, akakuta waliobaki na QWERTY wakiongezewa mazoezi hawaachwi nyuma. Kwahiyo anayekuahidi spidi muulize, muda wote ule wa kujifunza upya angeutumia kunoa QWERTY angekuwa wapi saa hizi?

Raha ya vidole ndo kitu kingine, hapo wana pointi. Mstari wa kati wa QWERTY, pale vidole vinapopumzika, una irabu moja tu, A, na sisi maneno yetu ya Kiswahili karibu yote yanaishia na irabu kwahiyo vidole vinapanda na kushuka siku nzima. Chapa neno "nyumba" uone, N, Y, U na M zote za kidole cha shahada cha kulia, herufi nne mfululizo kidole kimoja.

Sasa Dvorak imeweka irabu zote tano mstari wa kati mkono wa kushoto, ukiangalia haraka unasema hii imetengenezwa kwa ajili ya Kiswahili kabisa, konsonanti kulia irabu kushoto, mikono inapokezana. Lakini K, P na Y nazo zimewekwa kushoto, tena kwa kidole kilekile cha shahada kinachobeba U na I. Yaani "ku" na "ki", ambazo hatuwezi kumaliza sentensi bila hizo, zinachapwa na kidole kimoja, na "kupika" yote ni kidole hicho mpaka ufike A ya mwisho. Mwingereza haimuumi hiyo, K kwao ni ya nadra.

Colemak ya 2006 imekaa vizuri zaidi kwetu, "ku" na "ki" zinapata vidole tofauti, na Z, X, C, V hazijahamishwa kwahiyo kukopi na kupesti kunabaki palepale. Sio kwamba haina kasoro, "mkono" na "njia" bado zinaanza kwa kurudia kidole kimoja.

Gharama yake ni wiki kadhaa za kuchapa kama ndo umeiona kibodi leo, ofisi haikusubiri, na ukikaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine unarudi QWERTY utake usitake. Mimi ningemshauri ahame mtu anayeandika kutwa kwenye mashine yake mwenyewe na vidole vinachoka, na aende Colemak, Dvorak aiache. Anayeandika barua pepe mbili tatu kwa siku asijisumbue. Na kwenye simu ndo kabisa, huko tunachapa kwa vidole gumba, hesabu zote hizi hazifanyi kazi.