"Halve" si kugawana

Jana jioni jirani yetu hapa Kadutu, Bukavu, alikuja na karatasi ya dawa iliyovuka mto Ruzizi kutoka Rwanda pamoja na kiboksi chake, Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Mpwa wangu, bingwa wa darasa, akajitolea kusoma. Alipofika kwenye "halve" hakupepesa hata jicho: "Mama, wanasema wagawane."

Mama wa watu ana watoto wawili wenye homa. Alikuwa ameshashika kidonge, anakivunja, kila mtoto kipande. Kumbe karatasi ilisema dozi ya mdogo ishuke hadi nusu. Mkubwa alistahili kizima.

Nikamdai mpwa wangu kaye, daftari lake la shule. Imo, kwa kalamu nyekundu ya mwalimu: halve = kugawana. Na "vizuri sana" pembeni. Hongera kwetu sote.

"Halve" ni kitenzi cha kisu. Kinataka kitu kimoja na vipande viwili vilivyo sawa. Nani atakula, hakiulizi. Kugawana kuna watu ndani yake, ile -ana ya mwisho haikuwekwa kwa urembo. Wanaweza kuwa wawili, wanaweza kuwa ukoo mzima, na usawa ni bahati yao. Sisi tuligawiwa kiwanja cha marehemu baba. Kaka akapata upande wa barabara, mimi na dada tukapata bondeni, kule ambako kila masika udongo hufunga safari ya ziwani. Mita zilikuwa sawasawa, mpimaji aliapa. Kwa Kiingereza kiwanja kile kilifanyiwa "halve" bila dosari. Kwa Kiswahili, miaka tisa sasa, hatujagawana.

Haya, nakubali shingo upande: neno moja la kazi hiyo hatuna. Nusu tuliichukua kwa Waarabu tukasahau kuidai kitenzi, na asije mtu na "kunusuru", huko ni kuokoa. Inabidi useme kata katikati, au punguza kwa nusu, kutegemea unashika kisu au bei. Maana bei ya franka 10,000 ikishuka hadi 5,000, nayo ni "halve". Ishushe hivyo mara ya pili zinabaki 2,500; wapo wanaodhani inakuwa bure.

Ile l haitamkwi. Wamarekani wengi hulitamka sawa kabisa na "have", kuwa na kitu, ajabu kweli. Kwenye gofu, shimo ambalo wachezaji wametoka sare nalo huitwa "halved". Gofu tuwaachie wenyewe.

Usiku nikampa mpwa wangu avoka na kisu, nikamwambia kwa Kiingereza a-"halve". Akakata, akatoa kokwa, akatia chumvi, akala upande wa kwanza. Nikanyoosha mkono kwenye wa pili.

"Tonton," akasema mdomo umejaa, "hukusema tugawane."