Tuanzie kwenye alama ya "<"

Ukitaka kuwafundisha wanajiolojia kuandika programu za kompyuta, anzia hapa. Majibu ya sampuli kumi za mawe yamerudi kutoka maabara. Saba zimeandikwa "<0.01", yaani mashine haikuona dhahabu inayofika gramu 0.01 kwa tani. Tatu zilizobaki zina 0.05, 0.20 na 0.80. Iambie Excel itafute wastani, itakupa 0.35. Haijakosea kujumlisha. Kwake "<0.01" ni maandishi, si namba, kwa hiyo imeziruka zile saba kimyakimya na kugawanya kwa tatu. Ukizipa zile saba nusu ya kikomo, 0.005, kama wengi tunavyofanya, wastani unaporomoka hadi 0.11 hivi.

Kosa hilo nililifanya mwaka wangu wa kwanza kazini, Kanda ya Ziwa. Ramani yangu ilipita kwa wakubwa watatu na hakuna aliyeuliza. Wangeulizaje? Kwenye faili kulikuwa na jibu tu, hatua nilizopitia zilikuwa kichwani mwangu, na hata huko hazikukaa muda mrefu.

Ndiyo maana nakereka nikiona mafunzo ya Python au R, lugha za kuandikia programu za kompyuta, kwa wanajiolojia yanaanza kwa siku mbili za kuchapisha salamu kwenye skrini na kuhesabu moja hadi kumi. Siku ya tatu nusu ya darasa imepata dharura. Mtu aliyezoea kubeba nyundo mpe faili lake mwenyewe, na uchafu wake wote, kisha mwambie: kazi ya leo ni alama ya "<" peke yake. Ukiibadilisha kwa kuandika kodi (si ile ya TRA), uamuzi wako unabaki umeandikwa, mstari mmoja, na atakayekuja baada yako atausoma, ataubisha, ataubadilisha. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa ya zana hizi. Kasi ni nyongeza.

Wapo wanaosema Excel inatosha. Kwa sampuli ishirini, sawa, hata mimi naitumia. Ila ipe sampuli inayoitwa MAR12 uone inavyoigeuza kuwa tarehe ya mwezi Machi. Wanaosimamia majina ya jeni walichoshwa na tabia hiyo hadi mwaka 2020 wakaamua kubadilisha majina ya jeni zenyewe.

Baada ya hapo ndipo ningefundisha lile linalowasumbua hata wazoefu: asilimia. Pakua sinia la pilau, kisha ongeza wali bila kugusa nyama. Asilimia ya nyama imeshuka, na hakuna aliyekula hata kipande. Ndivyo ilivyo kwa miamba: silika (oksidi ya silikoni) ikipanda, vingine lazima vishuke, kwa sababu jumla haiwezi kupita mia. Mtu anachora grafu, anaona mstari mzuri unaoteremka, anaanza kusimulia habari za magma, ule mwamba ulioyeyuka. Mwanatakwimu Karl Pearson alionya kuhusu uhusiano wa aina hii tangu 1897, na mwanatakwimu mwingine, John Aitchison, akaja kuonyesha, miaka ya 1980, kwamba dawa ni kufanya kazi na logi za uwiano, yaani unagawanya kiasi cha kitu kimoja kwa kingine, kisha unachukua logarithi ya jibu. Kwa pyrolite, maktaba huria ya Python (mkusanyo wa kodi zilizo tayari) iliyotengenezwa kwa ajili ya jiokemia, yaani kemia ya miamba, hilo ni jambo la mstari mmoja. Wa upande wa R wana GCDkit. Zote ni bure, zinaingia kwenye flashi, na zikishasakinishwa hazili bando. Kwa darasa la wanafunzi arobaini hilo si jambo dogo, maana mbadala wake tunaujua: programu ya leseni iliyofunguliwa kiwiziwizi, yenye virusi vyake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Oldoinyo Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania. Mwanafunzi mmoja alichukua data za lava yake akaziweka kwenye mchoro wa kawaida wa kupanga miamba ya volkano, silika chini, sodiamu na potasiamu pembeni. Grafu ikatoka tupu. Akaniita, akasema kodi imeharibika. Kodi ilikuwa nzima. Lava ile ya kaboneti haina hata asilimia moja ya silika, na alkali zake, yaani hizo sodiamu na potasiamu, zinakaribia asilimia arobaini, kwa hiyo nukta zilikuwa nje kabisa ya fremu. Tukapanua mipaka ya mchoro, zikajitokeza zote, zimekaa pamoja isipokuwa moja iliyokuwa na sodiamu kidogo mno.

Akataka kuifuta. Nikamuuliza jiwe lenyewe lilikuwa na rangi gani.

Akafungua daftari la uwandani. Jeupe, alisema. Lava hiyo hutoka ikiwa nyeusi na kugeuka nyeupe ikipata unyevu, na sodiamu yake huondoka na maji. Sampuli ile ilikuwa imeokotwa baada ya mvua.