Tustroki ya La Grange na hesabu ya karakana

Ukitaja injini ya tustroki, yaani ya mipigo miwili ya pistoni kwa kila mzunguko wa kazi, wengi hukumbuka pikipiki ya zamani inayochanganyiwa oili kwenye petroli na kuacha wingu la moshi. Ndiyo maana ni rahisi kukubaliana na wanaodai kwamba General Motors ya Marekani, yenye kiwanda cha vichwa vya treni La Grange, ilikosea kuing'ang'ania katika vichwa vya treni vya dizeli kwa zaidi ya miaka 70. Hoja yao ina uzito. Injini yake ya 567, iliyotoka mwaka 1938, ilipata hewa kutoka kwa blowa (kipuliza hewa) iliyozungushwa na injini yenyewe, hivyo sehemu ya nguvu ililiwa kabla ya kufika kwenye jenereta inayolisha mota za magurudumu, na injini za mipigo minne za General Electric zilipokomaa, zilifanya kazi ile ile kwa mafuta machache zaidi.

Mafuta, hata hivyo, si gharama pekee ya reli. Katika 567 dizeli ilinyunyizwa bila kuchanganywa na oili, hewa ikiingia kwa matundu ya laina (ganda la ndani la silinda) na vali 4 za kila silinda zikitoa moshi tu. Silinda ilipoharibika, mafundi walichomoa kifuniko, laina, pistoni na konrodi kwa pamoja kwa winchi, wakashusha fungu jingine lililokwisha kutengenezwa, injini yenyewe ikiwa haijatolewa kwenye kichwa na, kwa injini ya silinda 16, silinda 15 nyingine hazijaguswa. Kichwa kilichosimama karakanani hakiingizi hata senti, jambo ambalo wapima mafuta hulipita haraka mno.

Kundi la maonyesho la FT, vichwa vya General Motors vyenye injini ya 567, lenye nguvu za farasi 5,400, lilianza safari mwaka 1939 na kutembea takriban kilomita 134,000 katika reli za kampuni 20. ALCO, kampuni shindani ya Marekani, ilikuja na injini ya 244 ya mipigo minne baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nayo ikaandamwa na krankishafti zilizovunjika na matatizo ya tabo (tabochaja). Iliyofuata, 251, ilikuwa imara kweli, ila wateja walikwishahama. ALCO iliacha kuunda vichwa vya treni mwaka 1969.

Hoja ya moshi ndiyo ngumu zaidi kuijibu. Masharti ya Marekani ya mwaka 2015 kuhusu moshi wa injini yaliifanya kampuni iliyorithi kazi hiyo igeukie mipigo minne kwa vichwa vipya vya soko hilo. Lakini mafungu ya 645, mrithi wa 567, huingia bila taabu katika bloku za 567C za miaka ya 1950, na karakana nyingi zimefufua injini kuukuu kwa njia hiyo.