Hela za mayutuba: inayoingia ni moja, utajiri ni kitu kingine

Kila baada ya muda inazunguka orodha kwenye magrupu ya WhatsApp, "Mayutuba 10 matajiri Afrika Mashariki", kila jina limewekewa mamilioni ya dola pembeni, na chini yake watu wanagawanyika pande mbili zile zile. Wa kwanza wanasema acha shule nunua kamera, wa pili wanasema uongo mtupu, hawa wana njaa tu wanakodi magari. Mi nina jamaa zangu wanaishi kwa kuediti video za watu, nimeona hela inavyoingia na inavyotoka, na naona pande zote mbili zinabishana juu ya namba ambayo haina maana wanayoipa.

Tuanze na hizo namba zinatoka wapi. Nyingi zinachukuliwa Social Blade, tovuti ya Marekani iliyoanza 2008, yenyewe inahesabu chaneli imetazamwa mara ngapi alafu inakadiria. Akaunti ya mtu ya AdSense, ile ya Google inayopitishia hela ya matangazo, hawaioni, inaonwa na mwenyewe na Google basi, kwaiyo wanachofanya ni kusema kila mara 1,000 video ikitazamwa imeingiza kati ya senti 25 za dola na dola 4. Sasa chukua chaneli ya vichekesho inayotazamwa mara 500,000 kwa mwezi. Itaandikiwa dola 125 mpaka dola 2,000. Hiyo ni tofauti ya mara 16, yani tukiweka dola kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe rahisi, mtu anaweza kuwa anapata laki tatu na kidogo au anapata milioni 5, na yote mawili yameandikwa kwenye mstari mmoja. Mwenye orodha anachukua ile ya juu, anazidisha kwa 12, anazidisha tena kwa miaka ambayo chaneli ipo, anaita utajiri. Hajatoa bando, hajatoa kodi ya nyumba, hajatoa chakula, hajatoa mtu yeyote aliyelipwa pale katikati.

Na chaneli zetu mara nyingi zinakaa upande wa chini wa hiyo hesabu, na sababu yake haina uhusiano na ubora wa video. Mtangazaji analipia mtazamaji kulingana na alipo na uwezo wake wa kununua, mtu anayeangalia akiwa London au Houston analipiwa zaidi kuliko anayeangalia akiwa Mbagala au Kayole. Ndio maana mayutuba wengi wa Kiswahili wanawapenda sana watu wa diaspora, watu laki moja wa nje wanaweza kukuingizia kuliko laki kadhaa wa nyumbani. Ila hapo napo pana kitu, toka 2021 hela inayotokana na watazamaji wa Marekani inakatwa kodi ya huko kabla haijakufikia, na kwa sababu Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani makato yanafika asilimia 30 ya hiyo sehemu. Ambao hawakujaza fomu ya hiyo kodi wanaweza kukatwa mpaka asilimia 24 ya mapato yote, hata yaliyotoka kwa watazamaji wa Tandika. Nawajua madogo waliokuwa hawajui kabisa kama kuna fomu.

Mwanzo wenyewe ni mgumu kuliko watu wanavyodhani. Toka Aprili 2017 ulikuwa unahitaji kutazamwa mara 10,000 tu ili uanze kuwekewa matangazo, Januari 2018 wakapandisha, ukawa unahitaji watu 1,000 waliosabskraibu na masaa 4,000 ya kuangaliwa ndani ya miezi 12. Ukishakubaliwa, tangazo likilipiwa dola 100 kwenye video yako ya kawaida wewe unapata 55 na YouTube wanabaki na 45. Video fupi ni kinyume chake, 45 kwako. Ukifika dola 10 wanakutumia namba ya siri ya kuhakiki anwani yako kwa barua, ndio, barua ya posta, kwaiyo mtu ana chaneli ya kisasa ila anasubiri kwenye S.L.P. ya mjomba ake wiki kadhaa. Alafu hela haitoki mpaka zitimie dola 100. Kwa chaneli changa hiyo dola 100 inaweza kuchukua nusu mwaka.

Sasa turudi kwenye ile chaneli yetu ya mara 500,000. Tuseme wana bahati wanapata dola 1 kwa kila elfu mkononi, dola 500, milioni 1 na laki 2 na nusu. Mtaani hiyo ni hela, mwalimu anayeanza kazi ataitamani. Lakini vichekesho havirekodiwi na mtu mmoja. Kuna wachekeshaji wanne, kuna mshika kamera, kuna anayeediti. Mwediti umlipe laki 3, bando la kupandisha video na kukaa mtandaoni mwezi mzima laki 1, siku nne za kurekodi ule mchele wa watu sita pamoja na bodaboda na yule mama uliyetumia baraza lake laki 2 na nusu. Imebaki laki 6. Gawa kwa wanne. Laki na nusu kila mmoja, na hapo hakuna aliyenunua nguo wala simu haijaharibika, na hao ni watu wanaosimamishwa stendi wapigwe picha na wanaombwa hela ya soda kila kona kwa sababu kila mtu ameona zile laki tano za watazamaji.

Wanaosema hakuna hela kabisa, hapo nawakatalia. Hela ipo na ni nyingi. YouTube walisema Januari 2024 kwamba ndani ya miaka mitatu wamelipa dola bilioni 70 kwa watengeneza video, wasanii na makampuni ya habari, na walioingizwa kwenye mpango wa kulipwa walikuwa zaidi ya milioni 3. Ukigawa sawa kwa sawa inakuja kama dola 7,800 kwa mwaka kwa kila mmoja. Ila haigawanywi sawa, hapo katikati kuna lebo kubwa za muziki na televisheni za dunia nzima zinazobeba mafungu makubwa, na chini kuna wengi tu wanaogusa ile dola 100 mara mbili kwa mwaka.

Na hata wa juu kabisa, ukiangalia vizuri, utajiri haujatoka kwenye matangazo ya video. Jimmy Donaldson, yutuba wa Marekani tunayemuita MrBeast, Forbes walimkadiria dola milioni 85 kwa mwaka kwenye orodha yao ya 2024. Mwaka uliofuata Bloomberg wakatoa hesabu za kampuni yake, chokoleti zake za Feastables zilikuwa zimeingiza faida ya zaidi ya dola milioni 20 kwa 2024, na upande wa video pamoja na lile shindano lake la Amazon ukapata hasara ya karibu dola milioni 80. Video zinakula hela, chokoleti ndio inarudisha. Mwenyewe akaandika hadharani 2025 kwamba mfukoni hana hela nyingi kwa sababu anarudisha kila kitu kwenye kazi, mpaka harusi yake anamkopa mama yake. Watu walimcheka lakini mi naona alisema kitu cha kweli kabisa kuhusu hii biashara, kampuni yako inaweza kuwa na thamani ya kutisha na bado akaunti yako binafsi ikawa nyepesi.

Huku kwetu ni hivo hivo. Diamond Platnumz 2020 alikuwa msanii wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kufikisha mara bilioni 1 YouTube, na kila anayeandika utajiri wake anaanzia hapo. Lakini hiyo bilioni ilikusanywa kwa miaka, na angekuwa anategemea hiyo peke yake asingekuwa na redio na televisheni. Shoo, mikataba ya makampuni, lebo, kampuni yake ya Wasafi yenyewe, hapo ndipo pesa ilipo, YouTube ni mlango wa duka. Khaby Lame, yule kijana mzaliwa wa Senegal aliyekulia Italia akapoteza kazi ya kiwandani 2020, alikuja kuwa mwenye wafuasi wengi kuliko wote TikTok bila kusema neno, na hela yake kubwa ilitoka kwa makampuni kama Hugo Boss wa mavazi waliomlipa dola 450,000 atembee kwenye maonesho yao Milan na aweke klipu moja. Kili Paul wetu, Mmasai wa Pwani anayeigiza nyimbo za Kihindi, 2022 alitajwa na Waziri Mkuu wa India Modi kwenye hotuba yake ya redio na ubalozi wa India ukamtunuku. Mamilioni wanamfuata Instagram, na Instagram haikulipi kwa kuwa na wafuasi tu. Kinacholipa ni mialiko na mikataba inayokuja baada ya jina.

Hapa ndio nafika kwenye yale magari ya kukodi, maana watu wanayahukumu haraka sana. Kama hela kubwa inatoka kwenye dili za makampuni, na kampuni inachagua mtu kwa muonekano, basi kuonekana una hela inakuwa gharama ya kazi. Mtu anakodi ndinga siku moja, anapiga klipu nane akiwa na nguo tofauti, zinatosha mwezi mzima. Apatimenti ya kulala siku mbili inaitwa mjengo mpya. Na kiki ya kugombana na mpenzi inawekwa wiki moja kabla ya tangazo la sabuni. Naelewa kwa nini wanafanya, na siwezi kumlaumu sana binti aliyetoka Temeke akajua kwamba akionekana na bodaboda hapigiwi simu na mtu wa masoko. Ninachokikataa ni pale mtu huyo huyo anapouza kozi ya laki moja ya "jinsi nilivyotajirika na YouTube" kwa watoto waliomaliza fomu foo, akiwa anajua kabisa ile hela haikutoka YouTube. Hiyo ni kudanganya watu kwa hela yao. Na promo ambayo haisemwi kwamba ni promo naiweka kundi hilo hilo.

TikTok imeleta kitu kingine tofauti. Ule mfuko wao wa kulipa video haujafunguliwa kwetu, kwaiyo watu wanaenda laivu kuomba zawadi. Wawili wanawekwa kwenye mechi ya dakika chache, watazamaji wanagonga skrini, anayependa anatuma ua, mwenye nazo anatuma simba, na simba mmoja ni koini 29,999 za kununua kwa hela halisi, hiyo ni hela ya mishahara ya watu. Mwenye laivu anapata kama nusu tu, iliyobaki ni ya TikTok. Wapo wanaojenga kwa hizi zawadi, ni kweli nimewaona. Ila chunguza nani anatuma, mara nyingi ni mtu mmoja au wawili, wengine wako Uarabuni au Ulaya, siku akichoka au akihamia laivu nyingine kipato kimeisha. Biashara ya mteja mmoja hiyo, mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo atakwambia usingizi wake haupo.

Alafu mtandao wenyewe sio wako. Uganda Facebook ilifungwa Januari 2021 kwenye uchaguzi, aliyekuwa amejenga kila kitu pale alibaki na VPN. Kwetu intaneti ilizimwa Oktoba 29, 2025 ikakaa siku kadhaa, na hakuna aliyewahesabia wenye chaneli hizo siku. Kenya upande huu wamesogea mbele kidogo, 2024 Meta, wenye Facebook na Instagram, walikubali watengeneza video wa Kenya walipwe kwenye Facebook na Instagram, hiyo ni faida ya kweli kwa vijana wa huko.

Kinachoniuma zaidi ni madogo. Anaona orodha, anaamini ile namba ya juu, anachukua mkopo wa kausha damu anunue kamera na taa, na kamera ya bei hiyo haiongezi mtazamaji hata mmoja kama hadithi haipo. Mkopo unadai kila wiki wakati AdSense inalipa mara moja kwa mwezi, tena ukiwa umefikisha. Nimeona vifaa vipya kabisa vikiuzwa nusu bei kwenye magrupu, na maelezo ni "sababu ya kuuza, shida binafsi".

Na serikali nazo zinasoma orodha hizo hizo. Tanzania 2018 tuliletewa kanuni za maudhui ya mtandaoni zenye ada ya leseni shilingi milioni 1, kiasi ambacho chaneli yetu ya wanne ingehitaji karibu miezi miwili ya faida yao wote kuilipa, ikaja kupunguzwa baadae. Kenya kwenye muswada wa fedha wa 2023 walipendekeza kukata asilimia 15 ya malipo ya watengeneza video, wenyewe wakapiga kelele ikashuka mpaka 5, na kwetu Sheria ya Fedha ya 2024 nayo ikaja na asilimia 5. Wanaotetea wana hoja, mwenye duka analipa, muuza mitumba analipa, kwa nini mwenye chaneli aachwe. Mi nakubali alipe, na wale wakubwa walipe bila kuoneana aibu. Lakini hii inakatwa kwenye hela inayoingia kabla hujamlipa mwediti, kabla ya bando, kabla ya ule mchele wa watu sita. Dili la tangazo la milioni 1 limekatwa elfu 50, na kama kazi yenyewe imekugharimu laki 9 na nusu basi faida yako yote imeondoka. Wakubwa wana wahasibu wa kudai marejesho. Hawa wa laki na nusu hawana, wengi hata TIN wameifungua kwa ajili ya leseni ya bodaboda, na hao ndio wengi kwenye hii kazi.