Sheria tunazo, mikataba je?

Naishi Stavanger, ndo mji wa mafuta wa Norway, na kila nikipiga stori na watu wa kwetu Mtwara, Tanzania, kuhusu gesi naambiwa lilelile, wenzetu wamefika pale kwa sababu sheria zao ni kali. Mi sikubali. Sheria tunazo jamani. 2015 zilipita tatu kwa mpigo, ya petroli, ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi iliyotuundia mfuko wetu, na ya uwazi kwenye madini, mafuta na gesi tunayoiita TEITA. 2017 mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ya serikali kwa kila dhahabu inayochimbwa, ukapanda toka asilimia 4 hadi 6 na serikali ikajihakikishia hisa asilimia 16 kwenye migodi mikubwa bila kutoa hata senti. Hapo nawapa heko kabisa.

Kinachoniuma ni kwamba mwananchi haoni kitu. Huku Norway mfuko wa mafuta, wanakoweka akiba ya hela ya mafuta, una tovuti yenye namba kubwa ya thamani yake, inabadilika ukiwa unaiangalia, unaweza kuicheki ukiwa kwenye basi, na kampuni zote walizowekeza zimeorodheshwa humo. Kila eneo la visima limetoa kiasi gani mwezi huu, ipo wazi, hata mi mgeni nasoma bila kuomba ruhusa ya mtu. Kampuni za mafuta zinalipa kodi asilimia 78 ya faida, serikali kwa kawaida inachota kama asilimia 3 tu ya mfuko kwa mwaka, inayobaki ni ya wajukuu. Na hawakukurupuka, Ekofisk, eneo lao kubwa la kwanza la mafuta, iligunduliwa 1969, hela ya kwanza ikaingia mfukoni 1996. Mmoja wa waliowapangia mambo haya ni Farouk al-Kasim, mjiolojia wa Iraki aliyehamia huku 1968 kwa ajili ya matibabu ya mwanae. Walimsikiliza, mhamiaji!

Sasa njoo kwetu. Equinor, kampuni ya mafuta na gesi ambayo asilimia 67 ni mali ya serikali ya Norway, ndo iliyogundua gesi Kitalu namba 2, bahari kuu huko Lindi. 2014 nyongeza ya mkataba wa kitalu hicho tuliisoma kwa sababu ilivuja. Ilivuja! Tukaanza kubishana mitandaoni mgao wetu ni halali au tumepigwa, wakati ni karatasi ambayo mvuvi wa Lindi alitakiwa aipate bila kuiba wala kuibiwa. Mwaka uliofuata TEITA ikaja na kifungu cha 16 kinachosema mikataba itangazwe.

Msimbati, Mtwara, visima vya gesi vya Mnazi Bay viko palepale na bado kina mama wanapikia kuni na mkaa, bomba limeenda Dar. 2013 watu wa Mtwara walipoingia barabarani wakaonekana wakorofi, na wengine wakapoteza maisha, ila swali lao mi naliona lilikuwa la haki, sisi tunapata nini?

Najua mtaniambia Norway wako milioni 5 na kitu sisi tumepita milioni 60, sawa, gesi haitatufanya matajiri kama wao, lakini kuweka mkataba hadharani hakuhitaji utajiri wowote.

Mazungumzo ya mradi wa LNG wa Lindi, yaani kiwanda cha kugeuza gesi kuwa kimiminika, yamechukua miaka nenda rudi. Nachotaka ni mkataba mzima utoke, kwa Kiswahili, na mgao wa halmashauri za Lindi na Mtwara uandikwe kwa namba. Wabunge wa kusini wabaneni kabla haujasainiwa, ukishasainiwa tutaambiwa ni siri ya biashara.