Kilichoshindwa si tiba yote

Makala ninayoyajibu hapa yanahitimisha kwamba kuwatibu wafungwa wa makosa ya kujamiiana ni kazi bure, kwa sababu tathmini ya Uingereza na Wales iliyochapishwa mwaka 2017 ilionyesha kuwa asilimia 10 ya waliopitia programu ya magerezani walirudia makosa hayo, ilhali kwa wasioipitia ilikuwa asilimia 8. Takwimu ni sahihi, na programu hiyo iliondolewa kwa haki. Hata hivyo, kilichoshindwa ni programu moja, iliyotolewa kwa vikundi.

Kipimo cha Static-99, cha kukadiria hatari ya mkosaji wa kujamiiana kurudia kosa, ambacho mwandishi wa makala hayo angetaka kitumike peke yake, kina vipengele 10, vikiwemo umri, hukumu za nyuma na iwapo mwathiriwa alikuwa mtu asiyemfahamu mkosaji. Kinafaa kupanga watu kwa viwango vya hatari, lakini hukumu ya zamani haifutiki kwa tiba yoyote, hivyo hakiwezi kumwambia mtaalamu ashughulikie nini. Ni lazima apime pia yanayobadilika, kama vile uwezo wa kujidhibiti na tamaa inayotawala fikra, pamoja na yale yanayomkinga mtu asirudie: kazi, makazi na watu wa kumfuatilia. Huko Hamilton, Kanada, mwaka 1994 ulianza utaratibu ambapo watu wachache wa kujitolea humzunguka aliyetoka gerezani, wakamsaidia na, la muhimu zaidi kwa maoni yangu, wakamhoji bila kumwonea haya. Makala hayakugusa upande huo hata kwa sentensi moja.