Waacheni watoto wacheze msiba

Msiba ukiingia kwenye nyumba yoyote hapa Dar, kila kazi inapata mwenyewe. Yupo wa kukodi turubai na viti, yupo wa kushika daftari la rambirambi, wapo akina mama wa kuchambua mchele, wapo vijana wa kufuatilia kaburi. Watoto wa marehemu ndio hawapati mtu. Wanapelekwa kwa jirani mwenye televisheni, wanawekewa katuni, na jirani ananong'onezwa: "Wasijue kwanza." Wanajua. Mtoto wa miaka minne akiona shangazi zake wa Tanga na wa Morogoro wameshuka siku moja, macho mekundu, na hakuna aliyemletea hata embe, anajua kuna jambo. Asichojua ni kama ana ruhusa ya kuuliza.

Halafu turubai likishaondoka, wanaanza kucheza. Mchezo huu niliuona Mbagala, uani kwa ndugu yangu. Watoto walikuwa wamekiviringisha kitenge kwenye kipande cha tofali, wakakilaza juu ya ubao, wakakibeba begani. Binti wa marehemu ndiye aliyekuwa mbele. Mmoja alijifanya mama aliyezimia, mwenzake anampepea kwa mfuniko wa ndoo. Kijana mmoja mdogo, kaptula imemvuka, alikuwa msemaji wa familia: "Jamani tusogee, magari yanaondoka, tusogee." Shimo lilikuwa tayari chini ya mwembe, limechimbwa kwa kijiko cha chai. Kila mtu akatupa mchanga wake kwa zamu, bila kugombana, jambo ambalo kwa watoto wale si la kawaida. Ndipo mama mkubwa akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Acheni uchuro! Mnataka afe nani tena?" Tofali likarushwa kule, kitenge kikaenda kuloweshwa, watoto wakatawanyika.

Namuelewa yule mama. Alikuwa amezika mdogo wake, na hapo anaona mazishi yanarudiwa mbele ya macho yake. Lakini siku ya maziko yule binti alikuwa kwa jirani anaangalia katuni. Mazishi aliyopata kuhudhuria ni yale ya tofali, nayo yakakatizwa njiani.

Na hivi kweli sisi watu wazima hatuchezi msibani? Mmekuwa wapi watani wanapoingia? Msibani kwa Mzaramo, Mnyamwezi au Msukuma anaweza kufika akavaa koti la marehemu, akatembea kwa ule mwendo wake wa kuburuta mguu, akadai deni la soda ambalo marehemu alimkopa, na waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yanawatoka. Hakuna anayesema huo ni uchuro. Tunasema ni mila, na tunajua inatuondolea mzigo kifuani. Wazee wetu waligundua zamani kwamba jambo lisilobebeka kwa maneno linaweza kubebeka kwa maigizo. Mtoto naye anafanya hivyohivyo, ila yeye anapata mwiko.

Kuna jambo la umri ambalo wengi hatulipi uzito. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Maria Nagy alichapisha utafiti aliofanya na watoto 378 wa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, na maeneo ya jirani, wa miaka mitatu hadi kumi. Walio chini ya miaka mitano wengi walikiona kifo kama safari au usingizi: aliyekufa yuko mahali, atarudi. Wa miaka mitano hadi tisa mara nyingi walikipa kifo sura ya mtu anayekuja kuchukua watu. Baada ya hapo ndipo wengi walianza kuelewa kwamba ni mwisho, na kwamba kinamfika kila mtu. Mipaka hiyo ya miaka si amri, na watoto wa Dar si wa Budapest. Lakini sasa fikiria tunavyomwambia mtoto wa miaka minne: "Baba amesafiri." Tayari akili yake inaamini hivyo, nasi tunaongeza muhuri. Kila basi la mkoani likipiga honi, anakimbilia mlangoni.

Mwambie ukweli kwa maneno machache: baba amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hatarudi, na si kwa sababu wewe ulikataa kuoga. (Hilo la mwisho usiliruke. Watoto hujilaumu kwa vitu ambavyo hutavidhania.) Ukishasema, mwachie nafasi ya kuuzungusha ukweli huo kwa namna yake. Mtoto mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na simu ya kopo la maziwa. Anabonyeza, anaweka sikioni, anamwita mama yake, kisha anajijibu mwenyewe kwa sauti ya yule dada wa mtandao: "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa." Anakata, anapiga tena. Watu walimhurumia, wengine wakataka kumnyang'anya kopo. Bibi yake akakataa. Akawa anakaa naye barazani, naye akiwa na kopo lake, na siku nyingine anauliza tu, "Leo ungempata ungemwambia nini?" Anajibiwa kuhusu daftari lililoibwa shuleni. Huyo bibi hajasomea chochote, na simuoni mshauri nasaha ambaye angefanya vizuri zaidi.

Kwa anayependa kuchora, mpe karatasi na usimpangie mada. Msanii Friedl Dicker-Brandeis aliwafundisha watoto kuchora ndani ya kambi ya Terezín, walikofungwa na Wanazi, mpaka alipopelekwa Auschwitz, kambi yao ya mauaji, na kuuawa mwezi Oktoba 1944. Masanduku mawili ya michoro, kama 4,500 hivi, yalibaki yamefichwa. Ndani yake mna mengi ya kawaida: nyumba, maua, meza ya chakula. Kwa hiyo mwanao akichora daladala badala ya kaburi, hajakosea somo. Wala usijigeuze mpelelezi. Rangi nyeusi tupu inaweza kuwa huzuni, inaweza pia kuwa ndiyo krayoni pekee iliyobaki. Badala ya kuuliza "hiki ni nini?", sema "nisimulie", halafu nyamaza.

Vifaa si kisingizio. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapahapa Dar mwaka 1968, alitumia hadibodi na rangi ya baiskeli. Nyuma ya kalenda ya mwaka jana panatosha. Na kama nyumbani kwenu kuchora viumbe hai kuna ugumu wa kidini, mtoto achore mkorosho, nyumba, njia ya kwenda makaburini, au asichore kabisa, asimulie. Paukwa pakawa ipo. Sungura anaweza kufiwa na mama, na mtoto akamsemea sungura mambo ambayo kwa jina lake mwenyewe hawezi kuyatamka.

Tusidanganyane, kuna huzuni ambayo krayoni haiiwezi. Mtoto anayesema anataka kumfuata marehemu, aliyeacha kula, au aliyebadilika kabisa kwa muda mrefu anahitaji hospitali au afisa ustawi wa jamii, na namba 116 ya huduma kwa mtoto inapigwa bure.

Kwa wanaosimamia misiba nina ombi dogo. Kwenye ile orodha ya turubai, viti, maji na mchele, ongezeni daftari kubwa, penseli za rangi na jamvi moja la watoto, hapohapo msibani, si kwa jirani. Mpangieni mtu mzima mmoja mwenye subira akae nao. Mara nyingi ni yule mjomba ambaye hakupewa kazi yoyote. Fedha ya vifaa hivyo itoke kwenye rambirambi. Atakayelalamika kwamba ni matumizi ya ovyo, mwonyesheni bili ya soda.